Mfuko wa Nukta Nundu

Amri ilifika Shangazi akiwa ameshabana lakiri. Hilo ndilo alilolishikilia tangu siku ile, na kila aliyemuuliza alijibiwa vivyo hivyo: mfuko ulikuwa umeshafungwa.

Alikuwa chumba cha nyuma cha posta, chumba kirefu chenye meza ya bati na harufu ya gundi na magunia. Lakiri ya posta ni kipande kidogo cha risasi. Unapitisha kamba kwenye matundu yake, unakiweka kwenye koleo, unabana, na jina la ofisi yenu linabaki limechorwa juu yake. Ukishabana, mfuko si wako tena. Ni wa yule aliyeandikiwa, na hata ukipitia nchi tatu njiani hakuna ruhusa ya kuufungua wala kuukalia. Mataifa yalikaa yakakubaliana hivyo zamani, kabla Shangazi hajazaliwa, na yeye alilipenda neno hilo kuliko maneno mengi ya wakubwa, kwa kuwa lilikuwa neno linalofanya kazi. Alibana asubuhi, jioni mfuko ulikuwa mikononi mwa watu ambao hajawahi kuwaona.

Kila mtu pale posta alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Meneja naye alikuwa na jina lake. Walimwita Kifungu, kwa sababu hakuweza kuagiza hata chai bila kutaja kifungu. Alisimama mlangoni na karatasi ya wizara mkononi.

"Shangazi, ya ng'ambo yote inakaa."

"Inakaa wapi?"

"Hapa. Stoo. Daraja limefungwa. Ushirikiano wote na wenzetu umesimamishwa mpaka suala la masafa liishe."

Suala la masafa lilijulikana mjini na kila mwenye simu. Mto ndio uliokuwa mpaka wa nchi mbili; ukingo wa huku kulikuwa na mnara wa simu na ukingo wa kule mwingine, na mawimbi hayajui mpaka. Ukisimama dirishani simu yako inashika mnara wa kule. Wao wakienda kuteka maji zao zinashika wa huku. Mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi ililalamika kwamba mwenzake ameingia kwenye masafa yake bila hodi. Kamati ya pamoja ikakaa, ikagombana, ikavunjika. Na kwa kuwa posta na simu zilikuwa chini ya wizara moja, zikafungwa kamba moja.

"Simu zimegombana, barua zinaenda jela?" alisema Shangazi.

"Ndivyo ilivyo."

"Na wewe umekubali. Wewe mwenye vifungu."

Kifungu aliingia, akafunga mlango. "Shangazi, kifungu nakijua. Uhuru wa posta kupita, nilifanyia mtihani chuoni na nikaupasua. Wala hukosei. Lakini kifungu hakina bunduki. Pale darajani wapo wenye bunduki." Akautazama mfuko mweupe juu ya meza. "Huo ndio ule?"

"Ndio huu."

"Pole sana," alisema, na alimaanisha. Kisha akaongeza, "Stoo."

Ule mfuko ulikuwa na kitabu cha kaka yake.

Kaka yake Shangazi alipofuka utotoni, akasoma, akawa mwalimu wa hesabu, na alipostaafu akahamia chumba cha uani kwa dada yake na mashine yake ya nukta nundu, ile ya vitufe sita, inayotoboa vinundu kwenye karatasi nene ili kidole kisome. Mjini wakamwita Mwalimu, na kelele za mashine yake zikawa kama kelele za kuku wa nyumba, hazimsumbui mtu mpaka zinyamaze. Ng'ambo ya mto kulikuwa na shule ya wasichana wasioona. Mmoja wao alimwandikia: shule yao haina kitabu cha jiometri cha nukta nundu, na mtihani wa mwisho uko karibu, je, Mwalimu anaweza kuwasaidia japo sura mbili? Mwalimu hakuwa mtu wa sura mbili. Alichapa kitabu kizima, juzuu kwa juzuu, na kila juzuu ikavuka daraja ndani ya mfuko mweupe bila stempu, maana vitabu vya wasioona husafiri bure dunia nzima.

"Umeona?" alikuwa akimwambia dada yake. "Dunia haikubaliani hata saa ngapi. Lakini imekubaliana kumbebea kipofu mzigo. Wewe mwenye macho utalipa."

Michoro ndiyo iliyokuwa kazi. Pembetatu haichapiki kwa vitufe. Shangazi alikata uzi, akaupaka gundi, akaubandika kwenye karatasi jinsi kaka yake alivyomwelekeza, naye Mwalimu akapitisha kidole gumba juu yake. "Hii pembe umeilegeza. Binti wa watu atafeli kwa ajili ya uvivu wako." Wakacheka mpaka jirani akauliza kulikoni.

Juzuu ya mwisho ilikuwa ya duara. Aliimaliza, akalala, homa ikapanda, na maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka yalikuwa, "Yule mtoto ananisubiri." Walimzika. Waombolezaji walipotawanyika, Shangazi aliifunga ile juzuu kwa mikono yake, akaiandikia anwani, akaitia mfukoni, akabana lakiri. Ndipo Kifungu akatokea mlangoni.

Mfuko haukwenda stoo. Jumanne, siku ya mabadilishano kama ilivyokuwa Ijumaa, Shangazi aliupakia kwenye mkokoteni pamoja na furushi la mifuko mitupu, akasukuma mpaka darajani kama kawaida.

Kawaida ilikuwa hivi. Katikati ya daraja palipakwa mstari mweupe. Yeye alisimama huku, na mwenzake wa posta ya ng'ambo alisimama kule, vidole vya miguu vikiwa karibu na mstari lakini haviugusi. Walikaguliana lakiri, wakasaini hati ya makabidhiano, wakabadilishana. Mwishoni wakarudishiana mifuko mitupu, kwa sababu mfuko ni mali ya nchi iliyoandikwa juu yake na lazima urudi kwao. Na unarudishwa umegeuzwa ndani nje, kila mtu aone hakuna kilichosahaulika chini.

Mwenzake alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye maneno kuliko barua. Walikuwa wakiitana Shemeji ingawa hakuna aliyeoa kwa mwenzake. Siku ya kwanza tu alimwambia, "Mtu ninayekutana naye kila wiki kwa saini na mashahidi, ataacha vipi kuwa shemeji?" Tangu hapo hawakupumzishana.

"Shemeji, mifuko yenu inachanika kama ahadi za wagombea."

"Inachanika kwa aibu. Inaona nani anaipokea."

Jumanne ile geti lilikuwa chini, na nyuma yake askari wawili.

"Mama, hakuna kupita."

"Sipiti mimi. Unapita mfuko."

"Hakuna kupita kitu."

"Nani kasema?"

"Juu."

Shangazi aliangalia juu, angani, kwa muda mrefu, mpaka askari mmoja akageuka kuficha kicheko. Ng'ambo, nyuma ya geti lao, alimwona Shemeji amesimama na mkokoteni wake. Naye alikuwa amekuja. Shangazi akaunyanyua mfuko mweupe juu ya kichwa. Kule Shemeji akanyanyua wa kwake. Wakasimama hivyo, kila mmoja akisubiri mwenzake ateremshe kwanza.

Jioni, Shangazi aliposimama kwenye dirisha la jikoni, simu ikalia.

"Shemeji, nakusikia kama uko chumba cha pili. Mnara wenu umevuka tena bila pasipoti."

"Mnara unavuka, mfuko hauvuki. Hebu niambie nani mwenye akili hapo."

"Mwalimu mkuu wa ile shule alikuja kaunta leo," alisema Shemeji, na sauti yake ikapoa. "Mtihani mwezi ujao. Yule binti anauliza juzuu ya duara. Watahiniwa wenye macho wana kitabu chao, yeye anasubiri mfuko wako."

"Mwambie asubiri. Nakuja Ijumaa."

"Ijumaa geti litakuwa chini."

"Basi nitakuja niliangalie."

Akaenda Ijumaa, na Jumanne, na Ijumaa nyingine. Kifungu alimwondoa chumba cha nyuma akamweka kaunta ya stempu. Akaenda wakati wa chakula cha mchana. Kifungu akafungia mkokoteni. Akabeba mfuko kichwani. Mtu wa mizani ya vifurushi, mwanamke mnene waliyemwita Bi Mizani, alimvuta pembeni.

"Shangazi, unatafuta nini? Mwaka kesho unastaafu. Kaa kimya ule pensheni yako."

"Nimekaa kimya msibani, inatosha."

"Kitabu kinaweza kusubiri."

"Kitabu kinaweza. Mtihani hauwezi."

"Na aliyekiandika ameshatangulia, Mungu amrehemu. Hatajua kama kimefika au hakikufika."

Shangazi alimtazama sana. Bi Mizani alikuwa mtu mwema na hakusema kwa ubaya. "Ndiyo maana kinanihusu mimi," alijibu. "Angekuwa hai angegombana mwenyewe. Ulimjua mdomo wake."

Askari nao walizoea. Mmoja, kijana mwenye makovu ya chunusi, alianza kumwekea kreti ya soda akalie. Lakini geti hakuliinua. "Mama, mimi nina watoto," alimwambia.

"Hata yule ni mtoto wa mtu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea kreti."

Habari ya kikao aliipata kwa Shemeji, kwenye dirisha la jikoni. Wakubwa wa mamlaka mbili walikuwa wamekubali kukutana kuzungumzia masafa, ila hakuna aliyekubali kwenda kwa mwenzake. Anayekwenda ndiye aliyeshindwa. Wakavutana kwa barua na simu mpaka ikaamuliwa kikao kifanyike darajani, katikati, meza ikiwa juu ya mstari, nusu huku na nusu kule.

"Meza nimeambiwa nitoe mimi," alisema Shemeji. "Posta yetu ndiyo jengo la karibu. Nimeambiwa niipime kwa futi, isije ikaegemea."

"Na viti?"

"Viti vyenu. Usawa, Shemeji. Meza yetu, viti vyenu."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nani ataitoa meza wakimaliza?"

Hakuna kati yao aliyesema zaidi. Simu za mpakani zina masikio.

Asubuhi ya kikao, Kifungu alikuwa na suti na jasho. Alitaka mtu wa kusukuma viti mpaka darajani. Mpagazi alikuwa mgonjwa, wapanga barua wakawa wanaangalia dari.

"Nitapeleka mimi," alisema Shangazi.

Kifungu alimtazama kwa shaka. "Viti tu."

"Viti vyote vitafika."

Akamfungulia mkokoteni. Akatangulia kwa gari. Shangazi akapakia viti, akavifunga kamba, na juu yake kabisa, mahali ambapo hata kipofu angeona, akaweka mfuko mweupe na furushi la mifuko mitupu. Hakufunika na chochote. Bi Mizani alikuwa mlangoni. Akalishika bawa la mlango ili mkokoteni upite.

Getini yule kijana wa makovu alishika orodha ya walioruhusiwa.

"Viti?"

"Viti."

"Na hiyo juu?"

"Posta."

Kijana alitazama mfuko. Kisha akautazama mto, akautazama sana, kama mtu aliyeona mamba. "Viti vipite," alisema, na geti likapanda.

Wakubwa walikuwa wamesimama pande mbili za meza wakisubiri kukaa, watatu kwa watatu, wote na miwani ya jua na mafaili. Shangazi alishusha viti kimoja kimoja, akavifuta vumbi kwa kanga yake, akawakaribisha. Wakakaa. Mkubwa wa huku, mtu mwenye shingo nene, alifungua faili. Mkubwa wa kule alikuwa mwanamke mwenye mnyororo wa miwani shingoni. Naye akafungua lake. Kifungu alisimama nyuma ya viti na kalamu ya kuandika kumbukumbu.

Shangazi hakuondoka. Aliusukuma mkokoteni hadi kando ya meza, akasimama, vidole vya miguu karibu na mstari lakini haviugusi.

"Shemeji," aliita, kwa sauti ya kazi. "Mfuko mmoja, mweupe, vitabu vya wasioona. Lakiri nzima. Kagua."

Shemeji alikuwa ameegemea ukingo wa daraja nyuma ya wakubwa wake. Alijitengeneza kola, akaja mpaka mstarini kwa mwendo wa harusi. Akainama juu ya lakiri, akaigeuza, akaisoma kana kwamba hajawahi kuona nyingine.

"Nzima," alisema. "Ingawa kamba yenu ni nyembamba mno."

"Ni nyembamba kwa sababu inakusubiri tangu mwezi uliopita, imekonda."

Mkubwa mwenye shingo nene aliinua kichwa kutoka kwenye faili. "Hii nini?"

"Posta, mheshimiwa," alisema Shangazi bila kugeuka.

"Nani ameruhusu?"

Kifungu aliinamia kumbukumbu zake. Mwanamke wa kule alivua miwani, akaiacha ining'inie, akamtazama mkubwa wa huku kwa hamu, kama mtu anayesubiri mwenzake akanyage ganda la ndizi. Na yeye mkubwa wa huku akaliona hilo ganda. Kikao kilikuwa na kumbukumbu. Atakayepiga kelele kwanza ndiye atakayeandikwa kwamba, mbele ya wageni, alizuia posta ya vipofu. Akamtazama mwanamke akitumaini kelele zitatoka kwake. Mwanamke alikuwa ameshauona mtego na hakuwa na haraka ya kuingia.

"Shangazi, tafadhali," alinong'ona Kifungu.

"Nafanya kazi, Bwana Meneja. Saini hapa, Shemeji."

Shemeji akasaini akitumia kona ya meza ya kikao, maana meza ilikuwa ya posta yao. Shangazi akasaini kona ya pili. Akaukumbatia mfuko ule mara moja, kifuani, akahisi kona ngumu za juzuu ndani yake. Alikuwa amejiandaa kwa kelele za wakubwa, hakuwa amejiandaa kwa zile kona. Mikono haikutaka kuachia. Shemeji alinyoosha yake, akasubiri, safari hii bila utani. Kisha ukavuka.

"Sasa mitupu," alisema Shangazi.

Hapo wakubwa walidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Shangazi aligeuza mifuko ya kule ndani nje, mmoja mmoja, akaukung'uta kila mmoja ili wote waone, na vumbi la posta likatua juu ya mafaili ya pande zote mbili kwa usawa. Shemeji akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeharakisha. Mkokoteni ulipokuwa unageuka, gurudumu likakaribia kiatu cha mkubwa mwenye shingo nene. Akainua miguu yake yote miwili ili upite.

"Tuendelee," alisema mwanamke wa ng'ambo.

Jioni ya siku ya pili, dirishani, simu ililia.

"Umefika," alisema Shemeji. "Nilipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Ameanza kuisoma mlangoni, hata hakukaa. Tena ana malalamiko."

"Malalamiko gani?"

"Duara moja uzi umeachia. Anaomba Mwalimu airekebishe. Hawajamwambia, Shemeji. Wanasubiri amalize mtihani."

Shangazi alishika ukingo wa dirisha. Uani kwake kulikuwa kimya, chumba kimefungwa.

"Mwambie uzi ule nilibandika mimi," alisema. "Mwalimu hakukosea. Mwambie aupake gundi ya unga, aubonyeze mpaka ukauke, aendelee mbele."

Kifungu alimwita kesho yake. Mezani palikuwa na karatasi iliyochapwa tayari, imebaki saini.

"Kaa, Shangazi. Mambo hayakuharibika. Kikao kimekubaliana posta ivuke mara moja kwa wiki wakati wanaendelea na masafa. Wameona haya, nadhani. Lakini juu wanataka maelezo yako." Akaisogeza karatasi. "Nimekuandikia mwenyewe, nimeandika vizuri. Kwamba ulikuwa na msiba, ukachanganyikiwa, ukadhani amri imeondolewa. Saini, na Jumanne unarudi darajani."

Shangazi aliisoma taratibu hadi mwisho. Ilikuwa imeandikwa kwa huruma. Akairudisha.

"Sikuchanganyikiwa."

"Najua."

"Nilijua amri ipo. Nilipakia nikijua, nikasukuma nikijua. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo watakutoa kazini, Shangazi. Si darajani tu. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu."

"Na nikisaini hii, kesho wakifunga tena, watasema nini? Kwamba aliyepeleka mara ya kwanza alikuwa mwendawazimu wa msiba. Msiba wangu haukunitia wazimu. Msiba wangu ndio ulionipeleka na akili zangu zote."

Kifungu alishika paji la uso. "Mimi nakutakia mema."

"Najua, mwanangu. Sina kinyongo na wewe. Jumanne atapeleka nani?"

"Bi Mizani."

"Mwambie mifuko mitupu ageuze. Ana uvivu huo, anaikunja tu. Shemeji atamsimanga mpaka alie."

Alitoa koleo la lakiri kwenye mfuko wa koti, akaliweka juu ya ile karatasi, akatoka.

Ukumbi wa kupanga barua haukuwa na kazi. Barua za asubuhi zilikuwa zimekwisha, za jioni hazijafika. Wapanga barua walikuwa kwenye meza zao, macho chini, maana mlango wa meneja ulikuwa wazi. Shangazi alipofika katikati, mmoja akainua muhuri wake wa tarehe, akaugonga mezani. Mwingine akagonga. Kisha wote, mihuri ikipiga mbao tupu, kushoto na kulia, kwa pigo moja, tarehe ya siku ile ikichapwa na kuchapwa tena mahali pasipo na barua hata moja.

Shangazi hakugeuka, kwa sababu uso wake ulikuwa umelowa na hakutaka Kifungu auone. Alisimama tu mlangoni, akapangusa shavu kwa ncha ya kanga.

"Mnamaliza wino," alisema, akashuka ngazi.